Mjeledi ni silaha ya kupigania kweli au ni mbwembwe za kwenye magemu tu?

Mkunazi77
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi umezuka kijiweni kwetu na mpaka naandika hapa haujaisha, kuna watu wawili hawasalimiani vizuri kisa mjeledi. Iko hivi, tuko watano, kila Jumamosi usiku tunacheza gemu la mezani, lile la kurusha dadu na kila mtu ana karakta wake. Tulianza na Dungeons & Dragons af baadae tukasema kwanini tusitunge la kwetu, lenye majahazi na majini na ngome za pwani, mimi ndo naandika sheria. Sasa kuna mwenzetu karakta wake hataki upanga, hataki mkuki, anataka mjeledi tu, kakulia kwenye gemu la video la Castlevania huyo, yule Simon Belmont anayechapa mizimu kwa mjeledi tangu 1986, basi kichwa chake kimebaki hukohuko.

Mi nikampa demeji (yaani madhara ya pigo moja) ya dadu ya pembe nne, sawa na kisu. Kanuna. Anasema ncha ya mjeledi inapita spidi ya sauti kwahiyo inatakiwa ipasue mtu kama risasi, na anasema mjeledi unafika mbali kuliko upanga, unamnyang'anya adui silaha mkononi, unamfunga miguu anaanguka, yaani mi nampunja. Af akaniletea na kisa cha Herodotus yule Mgiriki, kwamba Waskithia, wale wapanda farasi wa kale, walikaa vitani ugenini miaka 28, kurudi wanakuta wake zao wamezaa na watumwa, na watoto hao wamekua wanaume wazima wanawazuia wasiingie. Wakapigana wee hakuna anayeshinda, mpaka mmoja akasema jamani wekeni mikuki chini, kila mtu achukue mjeledi wake wa farasi. Wale vijana kuona mijeledi wakatimua mbio. Sasa jamaa anasema si umeona, mjeledi umeshinda pale mkuki ulipokwama, historia imeandika.

Naombeni msaada, kuna sehemu yoyote duniani watu walienda vitani na mjeledi wakashinda? Na kama ni uongo, kwenye sheria niuweke vipi asinune tena?

plau_na_maksai
Mkuu mi nimekua nyuma ya maksai huko Bariadi, mjeledi nimeushika kabla ya kalamu, ngoja nikwambie nilichokiona mwenyewe maana hayo ya Ugiriki siyajui.

Kwanza ng'ombe humchapi. Mtu mgeni akiona anadhani tunawachapa, hapana, ukimchapa ng'ombe wa plau kutwa nzima jioni una ng'ombe mwenye vidonda na shamba halijaisha. Unapiga hewa pembeni ya sikio, unalia paa, anageuka au anaongeza mwendo. Ng'ombe anafanyia kazi ule mlio. Na kujifunza kuutoa ule mlio bila kujichapa mwenyewe ni msimu mzima, mi sikio langu la kushoto lina alama mpaka leo, na mgongoni zipo ambazo mke wangu aliziona akadhani nilikuwa mwizi.

Siku moja nina miaka kama 13, mbwa wa jirani katoka mbio ananijia. Mkubwa, wa kulinda zizi. Nikasema leo ndo leo, nikauvuta ule mjeledi ukalia paa, mbwa akasimama. Nikajiona mwanaume. Akaanza tena, nikapiga tena, safari hii hakusimama maana kashaelewa kwamba ni kelele tu, na ya tatu wakati nauvuta nyuma nipate nguvu ukanasa kwenye mgunga. Pale sasa nina kamba iliyofungwa kwenye mti wa miiba na mbwa yuko kwenye goti langu. Kilichoniokoa ni mpini. Nilivunja ule ukanda, nikabaki na fimbo ya mti, nikampa nayo ya pua akaachia.

Kwahiyo mwambie mwenzio silaha ilikuwa ni mpini.

Newton_wa_Mbagala
Hahaha plau umenimaliza. Ila hili la spidi ya sauti nililifundisha darasani, acha niliseme vizuri maana ni kweli na si kweli.

Kweli: ule mlio ni ncha kupita spidi ya sauti, mita kama 340 kwa sekunde. 1958 Wamarekani waliupiga picha za kasi sana wakaona wimbi la mshtuko limetoka kweli. 2002 wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Arizona wakaongeza kwamba kinacholia ni lile pindo linalokimbia kutoka mkononi kwenda mwisho, linazidi kuongeza kasi kwasababu mjeledi unazidi kuwa mwembamba. Unaanza na uzito mkubwa unakwenda taratibu, unamalizia na uzito mdogo unakwenda kama mwendawazimu. Ndo uzuri wake.

Sasa na ubovu wake ni huohuo. Kile kiuzi cha mwisho tuseme kina gramu sehemu moja ya kumi, piga nusu ya uzito mara spidi mara spidi, unapata nishati ya joule kama 6. Chukua rungu la nusu kilo, lirushe kwa mkono mita 15 tu kwa sekunde, joule 56, na zote zinaishia kwenye fuvu la mtu. Spidi bila uzito ni kelele. Inachana ngozi iliyo wazi, sibishi, jicho inatoa, lakini mtu aliyevaa kanzu na koti la pamba lililojazwa atasikia kama mtu kamkwaruza. Deraya, lile vazi gumu la vitani, ndo kabisaa.

Af kuna kitu watu wa magemu hawakifikirii, ile spidi iko sehemu moja tu, pale mjeledi unapomaliza kunyooka. Mtu akiwa sentimita 30 ndani ya pale anapigwa na kamba ambayo bado haijapata spidi, akiwa 30 nje hapigwi na kitu. Ng'ombe yuko kwenye nira hawezi kukusogelea, adui anakuja mbio.

kaka_wa_roll
Mi nazungumza kama mchezaji. Mkunazi hukukosea, dadu ya pembe nne ndo hiyohiyo iliyopo toleo la tano la Dungeons & Dragons, na wameupa kufika mbali mara mbili ya silaha ya kawaida, futi 10. Lakini ukitaka kuona watu waliofikiria kweli rudi toleo la 3.5 la 2003, mle mjeledi ulikuwa unafika futi 15, demeji dadu ya pembe tatu, na hiyo demeji si ya kuua, ya kuzimisha tu, na mtu akiwa na deraya yoyote hata ya kawaida hapati kitu, sifuri. Na ukiurusha adui akiwa karibu yako anapata pigo la bure juu yako kama vile umevuta upinde mbele yake. Hapo aliyeandika ama alishawahi kushika mjeledi ama alikuwa na mgunga wake kama wa plau.

Kwenye magemu ya skrini ni kinyume. Elden Ring mapigo ya mijeledi huwezi kuyapangua kwa ngao, ndo faida yake kubwa, na ndo maana watu wanauchukua kuwasumbua wenzao mtandaoni. Ila angalia mle ndani ya kundi la mijeledi kuna urumi, na urumi si mjeledi wa ngozi, ni upanga wa Kerala huko India, chuma chembamba kinachopinda, mtu anauvaa kiunoni kama mkanda, watu wa kalaripayattu, mchezo wa mapigano wa hukohuko, wanauzungusha mpaka leo. Ule ni makali matupu urefu wote, hauhitaji ncha. Mwenzio akitaka cha kujidai nacho mpe urumi, ila muwekee kwamba akikosea dadu anajikata mwenyewe maana na huko wanafundishwa mwisho mwisho kabisa kwasababu hiyohiyo.

Mzee_wa_Chumbageni
Vijana mmenifurahisha. Mimi nataka kusema juu ya hicho kisa cha Waskithia maana naona mmekipita kama kitu kidogo.

Sisi huku Tanga tuna neno, hamsa ishirini. Wazee wetu walikuwa wakilisema hawacheki. Ni viboko 25 vya Mjerumani. Sheria yao ya 1896 iliweka kikomo kwamba mtu asizidishiwe 25 kwa mara moja, na kikomo kikageuka kuwa ndiyo desturi. Babu yangu alikuwa akihesabu kwa vidole akisimulia, hakuvipata yeye bali kaka yake, kwenye shamba la katani. Sasa nisikilizeni namna ilivyokuwa. Mtu analazwa kifudifudi, anashikwa. Askari wa kwanza ana kiboko. Askari wa pili amesimama na bunduki. Nani kampiga kaka wa babu? Mtasema kiboko. Mimi nasema ile bunduki, kiboko kilikuwa ni karani wake.

Sasa rudini kwa Waskithia. Kwanza aliyesimulia kile kisa ni upande wa mabwana, watumwa hawakuulizwa. Pili hata tukikikubali, wale vijana hawakukimbia maumivu, walikuwa wanakula mikuki kutwa nzima na hawakukimbia. Walikimbia kukumbushwa. Mtu ameiona ile kamba mgongoni kwa baba yake tangu mtoto. Huyo mwenzenu akienda kupigana na jini wa baharini ambaye hajawahi kuchapwa na mtu, atamkumbusha nini?

Na Herodotus huyohuyo kwenye vita ya Thermopylae, 480 kabla ya Kristo, kasema maofisa wa Xerxes, mfalme wa Waajemi aliyewavamia Wagiriki, walikuwa na mijeledi, na walikuwa wamesimama nyuma ya askari wao wenyewe wakiwachapa waende mbele. Waliokuwa mbele walikuwa na mikuki. Hapo mnaona mjeledi unakaa wapi vitani.

Lushois_243
Mzee umesema kweli. Kwetu Lubumbashi tunaiita fimbo, hata kama ni ile ya ngozi ya kiboko, Wabelgiji wao wakisema chicotte. Wachoraji wa mjini kwetu wana picha moja wanairudiarudia tangu miaka ya 70, kila nyumba ilikuwa nayo ukutani sebuleni, jina lake Colonie Belge. Mfungwa amelala chini suruali imeshushwa, askari mweusi anachapa, mzungu amesimama na kofia nyeupe anaangalia, wanawake pembeni wanalia. Nimeikulia ile picha, tulikuwa tunakula chakula mbele yake. Hakuna hata mchoraji mmoja aliyemchora yule mtu amesimama anapigana na mwenye fimbo. Hiyo haikuwa vita.

Kazak_wa_Ngara
Jamani mnaenda mbali, ila naona mnachanganya vitu viwili na ndo maana ubishi hauishi. Kuna mjeledi mrefu mwembamba wa kulia paa, mita mbili tatu, huo wa plau na wa kwenye sinema. Na kuna mfupi mzito ambao haulii. Kiboko chenyewe ni huo wa pili, ule ukanda wa ngozi ya kiboko ukikaushwa unakuwa mnene mkononi mwembamba mbele, unapinda kidogo tu, ni fimbo inayonesa. Sjambok ya Afrika Kusini ndo hiyohiyo, polisi wa enzi za ubaguzi walikuwa wanatawanyia waandamanaji.

Wakozaki wa Urusi, wale wapiganaji wa farasi, nao wana nagaika, mjeledi mfupi wa farasi uliosukwa kwa ngozi, na wengine wanaweka kipande cha uzito mwishoni, huo walikuwa wanaulia mbwa mwitu, unamfukuza na farasi mpaka achoke af unamtandika usoni. Sasa huo ni silaha kweli, huwezi kusema ni mbwembwe, kwasababu una uzito, Newton si ndo ulisema uzito? 1905 waliwatandika nao watu kwenye maandamano, na 2014 wakati wa Olimpiki ya Sochi waliwachapa wale wadada wa Pussy Riot, kundi la muziki la kumpinga Putin, mbele ya kamera. Ila kwenye vita ya kweli Mkozaki anashika mkuki na panga lake, nagaika inaning'inia mkononi.

Na mkisikia mjeledi wa Kichina muwe makini, neno lao bian linaingiza vitu vyote, mnyororo wa vipande tisa vya chuma na pia gongo la chuma lisilopinda hata kidogo, mtu anasoma tafsiri anadhani jenerali alikwenda vitani na kamba ya ng'ombe.

Mkunazi77
Aisee sikutegemea. Mzee wa Chumbageni nimemsomea jamaa maneno yako akanyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kwahiyo nimeandika upya, nipeni makosa. Mjeledi mrefu: demeji ya dadu ya pembe nne kwa asiyevaa kitu tu, mwenye deraya sifuri, adui akiwa hatua moja karibu hautumiki kabisa, na kwenye ukumbi mwembamba au msituni unarusha dadu usinase. Ila wanyama wote, farasi ngamia simba, mlio wa kwanza wanashtuka, wa pili nusu, wa tatu wamekuzoea (hiyo nimeiita sheria ya mbwa wa plau). Mjeledi mfupi mzito unahesabiwa kama rungu dogo, basi. Na urumi peke yake.

Lakini hili la kumnyang'anya adui upanga na kumfunga miguu bado nalisumbukia, maana ndo analolitaka kuliko yote.

plau_na_maksai
Miguu unaweza kufunga, kondoo nilishamfunga. Ila haufungi kama fundo, umejizungusha tu, ukilegeza unafunguka, kwahiyo lazima uvute muda wote, na ukivuta mkono wako umeshakuwa na kazi na yeye ana mikono miwili. Na upanga je, akiukata? Ni ngozi hiyo. Au aushike tu avute, mi nilikuwa na kilo 35 kondoo akanikokota mpaka kwenye matope.

kaka_wa_roll
Mpe kamba ya kitanzi. Serious kabisa. Herodotus huyohuyo kawataja Wasagartia kwenye jeshi la Xerxes, wapanda farasi 8,000, hawana silaha ya chuma zaidi ya jambia, wana vitanzi vya ngozi iliyosokotwa. Wanamrushia mtu au farasi, kikinasa wanavuta, aliyenaswa anamalizwa. Hapo kitanzi kinabana chenyewe na anayevuta ni farasi, si bega la mtoto wa Bariadi. Mwenzio akitaka kufunga miguu ya majini apande farasi ashike kitanzi mkono mmoja na jambia mkono wa pili, hapo hata mi namwogopa.

dada_wa_dadu
Mi ndo mmoja kati ya hao watano na naomba ijulikane kwamba ubishi ulianza kwasababu Mkunazi alimwua karakta wa huyo jamaa wa mjeledi kwa popo. POPO.

Newton_wa_Mbagala
Popo wangapi?

dada_wa_dadu
Mmoja.

Mkunazi77
Alikuwa popo wa kijini, tusidanganyane. Haya, ripoti ya Jumamosi. Tumecheza na sheria mpya. Wameingia kwenye ngome ya Wareno kupitia njia ya chini, nyembamba, giza, jamaa kavuta mjeledi, dadu imetoka 2, umenasa kwenye pete ya kufungia mienge, mlinzi mwenye deraya anakuja. Wote mezani tukasema kwa pamoja "mgunga". Kacheka mpaka kakohoa. Akaamua akageuza mpini, kampiga mlinzi nao, kashinda kwa bahati. Baadae uwanjani kulikuwa na farasi sita wa Wareno, kaliza mjeledi mara moja farasi wote wakakata kamba wakatawanyika, walinzi wakakimbilia farasi, wenzake wakapita getini bila kumwaga damu. Ndo kafurahi kuliko siku zote alizokuwa ananiomba demeji. Kitanzi kakikataa, kasema yeye si mchunga.

Shida sasa kaja na jipya. Kasikia kwa bibi yake wa Pemba kwamba zamani walikuwa wanatumia mkia wa taa, yule samaki, kuchapia watu, anataka huo na uwe na sumu.

Mzee_wa_Chumbageni
Bibi yake hakusema uongo. Chuoni kwetu ulikuwepo umening'inia juu ya mlango, mweusi, mkavu, una chembechembe kama msasa. Mwalimu hakuwa anautumia sana, ulitosha kuwa pale. Watu wengine walikuwa wakiuweka nyumbani kwa ajili ya wachawi. Lakini sumu iko kwenye mwiba, na mwiba unatolewa kabla mkia haujakauka, tena mvuvi anautoa hukohuko chomboni kabla hata hajamgeuza yule samaki. Mwambie achague, mkia wa kushika au mwiba wa kuchoma.

Mkunazi77
Kachagua mwiba. Anataka aufunge mbele ya mpini. Mzee hiyo si inakuwa mkuki sasa?

Mzee_wa_Chumbageni
Inakuwa mkuki.

dada_wa_dadu
Wiki tatu tumebishana.